Picha zenye chapa ya mikono miwili

Watu wa Antwerp, mji wa bandari ulio kaskazini mwa Ubelgiji, wana hadithi ya kale kuhusu jina la mji wao. Zamani, wanasimulia, jitu lililoitwa Druon Antigoon lilikaa kando ya mto Scheldt likitoza ushuru kila chombo kilichopita. Nahodha aliyekataa kulipa alikatwa mkono, na mkono ukatupwa mtoni. Mwishowe akatokea askari wa Kirumi aliyeitwa Brabo, akaliua jitu hilo, akalikata mkono na kuutupa mtoni vilevile. Wataalamu wengi wa lugha hawakubali kwamba jina Antwerp lilitokana na kutupa mkono, lakini mji wenyewe haujali. Sanamu ya Brabo akiurusha mkono wa jitu imesimama mbele ya jumba la mji tangu 1887, na nembo ya Antwerp hadi leo ni ngome pamoja na mikono miwili.

Nembo hiyo ilikuwa na kazi nyingine ambayo wageni wengi hawaijui. Ilichomwa kwa chuma cha moto nyuma ya mbao walizochorea wachoraji wa mji. Upande wa mbele wa ubao kuna Bikira Maria, malaika au tajiri aliyevaa manyoya. Upande wa nyuma kuna alama ya mkaguzi. Anayetazama mbele anaona sanaa, na mfanyabiashara ambaye amewahi kusubiri shehena yake igongwe muhuri mpakani atautambua upande wa nyuma bila kuelezwa.

Mahali pazuri pa kuzitazama picha hizo ni Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa ya Antwerp, yanayojulikana kwa kifupi kama KMSKA. Yamo katika jumba kubwa la mawe lenye nguzo ndefu, na juu ya paa lake kuna magari mawili ya farasi ya shaba. Jumba lilifunguliwa mwaka 1890, likafungwa kwa matengenezo mwaka 2011, na likafunguliwa tena Septemba 2022. Ndani yake kuna kazi za wachoraji wa Flanders kuanzia Jan van Eyck wa karne ya 15 hadi Peter Paul Rubens wa karne ya 17, na wengine wengi wa baadaye. Kusema kweli Antwerp ya zamani haikuwa katika himaya ya Flanders bali katika himaya jirani ya Brabant. Lakini wanunuzi wa nje waliziita bidhaa zote za pande hizo kwa jina moja, na jina la sokoni likashinda la kwenye ramani.

Soko kwanza, kanisa baadaye

Watu wengi wanapofikiria picha za kale za Ulaya humfikiria mfalme au askofu aliyemwita mchoraji na kumwagiza kazi. Antwerp ilikuwa na wateja wa namna hiyo, lakini pia ilikuwa na kitu kipya: picha zilizotengenezwa bila kuagizwa na mtu, zikatundikwa kibandani na kusubiri mnunuzi.

Tangu 1460 kanisa kuu la mji lilikuwa na uwanja uliozungukwa na baraza, ambapo wachoraji, wachongaji na wauza vitabu walikodi vibanda wakati wa maonyesho mawili ya biashara ya kila mwaka. Wageni walifika kutoka Ujerumani, Uingereza, Ureno, Hispania na Italia. Mwaka 1531 mji ukajenga soko jipya la mabadilishano ya fedha na bidhaa, lililowekwa wakfu kwa wafanyabiashara wa kila taifa na kila lugha. Miaka michache baadaye, mwaka 1540, ghorofa ya juu ya jengo hilo ikawa soko la picha, na hili halikungoja msimu wa maonyesho. Lilikuwa wazi mwaka mzima. Chini watu walikuwa wakiuziana pilipili, nguo na hati za mikopo. Juu walikuwa wakichagua picha.

Hesabu inayotajwa mara kwa mara kuhusu Antwerp ya miaka ya 1560 ni kwamba mji ulikuwa na waoka mikate 169, wauza nyama 78, na mafundi 300 wa uchoraji na sanaa za jirani yake. Wachoraji walikuwa wengi kuliko waoka mikate. Hakuna mji ambao watu wake wenyewe wangeweza kununua picha zote hizo. Zilikuwa za kusafirishwa.

Malighafi nayo ilisafiri. Mbao nzuri za mwaloni zilitoka misitu ya pwani ya bahari ya Baltiki, zikashuka kwa mito na kupakiwa merikebuni hadi Antwerp. Buluu ya gharama kubwa zaidi ilisagwa kutoka jiwe la lazuli lililochimbwa milima ya Afghanistan na kupitia mikono mingi hadi Venice, kisha kaskazini. Baada ya Wahispania kuiteka Mexico, rangi nyekundu ilianza kutengenezwa kwa vidudu vidogo vya huko vinavyokaa kwenye dungusi kakati, vikakaushwa na kuvushwa bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo picha moja ya Bikira Maria mwenye joho la buluu ilibeba ndani yake njia tatu au nne za biashara kabla haijaanza safari yake yenyewe.

Biashara ya namna hiyo haiendi bila kuaminiana. Mnunuzi wa Sevilla au Lisbon hakuweza kujua kama ubao ulikaushwa vizuri au kama utapasuka kabla ya mwaka kwisha. Hapo ndipo Chama cha Mtakatifu Luka, chama cha wachoraji kilichoanzishwa mwaka 1382, kilipofanya kazi yake kubwa. Hakuruhusiwa mtu kufungua karakana mjini bila kuwa mwanachama, na mwanachama alitakiwa kwanza kujifunza chini ya fundi. Altare za kuchongwa zilianza kugongwa alama ya mkono katika miaka ya 1470. Mbao za kuchorea zikafuata, na mwaka 1617 kanuni zikawekwa wazi: fundi seremala agonge herufi zake, kisha mkaguzi wa chama auchunguze ubao na kuuchoma chapa ya ngome na mikono. Ubao wenye sehemu laini ya nje ya mti, au uliotobolewa na wadudu, haukupata chapa. Aliyeuza bila chapa alitozwa faini.

Leo wataalamu wa makumbusho wanazitumia alama hizo kama karani anavyotumia tarehe kwenye risiti. Herufi za seremala zikifahamika, unajua ubao ulitengenezwa katika miaka ipi, na picha inayodaiwa kuwa ya zamani zaidi ya ubao wake inaumbuka.

Rubens na daraja za mzigo

Hakuna aliyeielewa biashara hii kama Rubens. Alizaliwa 1577, akajifunza Antwerp, akakaa Italia miaka minane na kurudi 1608. Alijenga nyumba kubwa yenye karakana, akaajiri wasaidizi, na kazi ikagawanywa: huyu nguo, yule mandhari, mwingine wanyama, naye bwana mwenyewe nyuso na mikono. Mabingwa wengine waliingia kama washirika. Frans Snyders alisifika kwa wanyama, na Jan Brueghel kwa maua.

Mwaka 1618 Rubens alitaka mkusanyo wa sanamu za marumaru za kale uliokuwa mikononi mwa Dudley Carleton, balozi wa Uingereza mjini The Hague. Badala ya fedha taslimu alipendekeza kubadilishana kwa picha, akamwandikia balozi orodha. Orodha hiyo ingefaa kufundishiwa wauzaji wa kila aina ya bidhaa. Kila picha iliandikwa vipimo, bei, na ni mkono wa nani uliyoifanya. Danieli kati ya simba: yote kazi ya Rubens mwenyewe, florini 600. Prometheus aliyefungwa kwenye mwamba: kazi ya Rubens, ila tai amechorwa na Snyders, florini 500. Nyingine zilikuwa za wanafunzi na kumaliziwa na bwana, nazo akazisema hivyohivyo. Balozi alijua daraja la kila mzigo kabla hajafungua kifurushi, akachagua zile zilizokuwa za mkono wa Rubens na kuziacha nyingi za wanafunzi. Sehemu ya deni ikalipwa kwa mazulia ya ukutani yaliyofumwa. Picha hizo mbili sasa ziko Marekani, Danieli mjini Washington na Prometheus mjini Philadelphia.

Njia ya mto ilipofungwa

Yote haya yangeweza kusimuliwa kama hadithi ya ustawi tu, kama si mwaka 1585. Nchi hizo zilikuwa chini ya mfalme wa Hispania, na majimbo ya kaskazini yalikuwa yameasi. Antwerp ilizingirwa zaidi ya mwaka mzima, ikasalimu amri kwa jeshi la Hispania. Lakini mdomo wa mto Scheldt ulibaki mikononi mwa waasi wa kaskazini, nao wakauziba. Meli za baharini hazikufika tena gatini bila kibali chao na ushuru wao. Karibu nusu ya wakazi waliondoka ndani ya miaka michache, wengi wao wakiwa wafanyabiashara na mafundi Waprotestanti. Wengi walikwenda Amsterdam, ambayo ilinenepa kwa mtaji na ujuzi waliobeba. Mkataba wa mwaka 1648 ukaithibitisha hali hiyo kisheria, na mto ukabaki umefungwa hadi Wafaransa walipoiteka nchi mwishoni mwa karne ya 18.

Jitu la hadithi, kwa maneno mengine, lilikuwa limerudi, na safari hii likiwa na mizinga na mkataba.

Ajabu ni kwamba picha nyingi zinazowavuta watu Antwerp leo zilichorwa baada ya mlango kufungwa. Sababu yake ni ya kibiashara kuliko inavyodhaniwa. Mji uliokosa bandari ya kupitisha pilipili na nguo kwa wingi ulilazimika kuuza vitu vyepesi vyenye thamani kubwa: almasi zilizokatwa, hariri, vitabu, makabati ya nakshi, picha. Bidhaa hizo ziliweza kubeba gharama ya njia ya nchi kavu na ushuru wa vituo vingi. Familia ya Forchondt, madalali wa picha wa Antwerp wa karne ya 17, ilikuwa na jamaa na mawakala Vienna, Lisbon na Cádiz. Kutoka bandari za Hispania picha zilivuka hadi makoloni ya Amerika, nyingine zikiwa zimechorwa juu ya vibati vya shaba ili zisiharibike safarini.

Sababu ya pili ilikuwa makanisa. Mwaka 1566 makundi ya watu waliopinga ibada ya sanamu yaliingia makanisani na kuvunja yaliyomo. Ushahidi wake umo ndani ya jumba la makumbusho lenyewe: picha ya Frans Floris ya 1554 inayoonyesha malaika waasi wakiporomoshwa kutoka mbinguni, iliyotengenezwa kwa altare ya chama cha wapiganaji wa upanga. Ilikuwa na mabawa mawili ya pembeni. Leo limebaki ubao wa kati tu, zaidi ya mita tatu kwenda juu, uliojaa miili ya misuli yenye vichwa vya wanyama. Wahispania waliporudi na Ukatoliki, kila altare tupu ilihitaji picha mpya. Rubens alirudi kutoka Italia wakati oda zikiwa zinangoja.

Kilele chake ni picha ya 1624 ya Mamajusi wakimsujudia Yesu mtoto, iliyochorewa abasia ya Mtakatifu Mikaeli. Ina urefu wa karibu mita nne na nusu. Wageni wamefika na zawadi zao, ngamia wanachungulia nyuma, na katikati kabisa, akiwa amesimama wima na macho yamemtoka, kuna mfalme Mwafrika mwenye kilemba. Wengine wamepiga magoti, yeye anatazama. Mtu anaweza kupita picha nyingi katika jumba hilo bila kusimama, lakini si hii.

Picha zilizobebwa na zilizorudi

Mwaka 1794 majeshi ya Ufaransa ya mapinduzi yaliingia Antwerp. Makamishna wao walikuja na orodha, wakazishusha picha bora makanisani na kuzipeleka Paris. Hoja yao ilikuwa kwamba kazi za namna hiyo zilistahili kukaa katika nchi ya uhuru. Picha ya Mamajusi ilikwenda. Picha mbili kubwa za Rubens zilizoko sasa katika kanisa kuu, Kusimamishwa kwa Msalaba na Kushushwa Msalabani, nazo zilikwenda. Abasia zenyewe zikafungwa na mali zao kutaifishwa.

Baada ya Napoleon kushindwa Waterloo mwaka 1815, hoja ya nchi ya uhuru haikumsaidia mtu. Picha zilifungwa upya na kurudishwa. Hizo mbili zikawekwa katika kanisa kuu, na zile ambazo makanisa yao yalikuwa yamefungwa au kubomolewa zikapewa chuo cha sanaa cha mji, kilichokuwa na makumbusho ndani ya nyumba ya zamani ya watawa Wafransisko. Humo zilikuwamo tayari picha za Chama cha Mtakatifu Luka, ambacho nacho kilikuwa kimevunjwa. Kwa hiyo mkusanyo unaoonekana leo una mizizi katika mali ya vyama na watawa, iliyokosa mwenyewe kwa sababu ya vita.

Sehemu nyingine ililetwa na mtu mmoja mwenye jicho la soko. Florent van Ertborn alikuwa meya wa Antwerp kuanzia 1817 hadi 1828. Wakati huo wenye fedha walimtaka Rubens na wa kizazi chake. Picha ndogo za karne ya 15 zilionekana ngumu, za kizamani, za kanisa la kijijini. Van Ertborn alizinunua. Alipofariki mwaka 1840 aliuachia mji mkusanyo wake, wenye kazi za Jan van Eyck, Rogier van der Weyden na Hans Memling, pamoja na Bikira Maria mweupe kama theluji, aliyezungukwa na malaika wekundu na wa buluu, kazi ya Mfaransa Jean Fouquet. Hakuna bajeti ya serikali leo ambayo ingeweza kuununua upya mkusanyo huo.

Ushuru wa mwisho, na meli za Kongo

Ubelgiji ilipojitenga na Uholanzi mwaka 1830, mto uligeuka tena kuwa suala la kujadiliwa. Mkataba wa 1839 uliiruhusu Uholanzi kutoza ushuru kila meli inayopita mdomoni mwa Scheldt. Serikali ya Ubelgiji, kwa kuogopa meli zisihamie Rotterdam, ikawa inawarudishia wenye meli ushuru huo kutoka hazina yake. Iliendelea hivyo zaidi ya miaka 20, kisha ikaona heri kuununua ushuru wenyewe. Mwaka 1863 Uholanzi ilikubali kuufuta kwa malipo ya florini 17,141,640. Ubelgiji ililipa takriban theluthi moja, na mataifa mengine yenye meli yakachangia zilizobaki, kwa kuwa mzigo ulikuwa wao pia.

Antwerp ikalipuka kwa biashara. Ngome ya kale ya Wahispania kusini mwa mji ilibomolewa na mtaa mpya ukapimwa mahali pake. Katika uwanja mmoja wa mtaa huo likajengwa mnara wa kukumbuka kufunguliwa kwa Scheldt, na mwendo mfupi kutoka hapo ndipo jumba la makumbusho liliposimamishwa. Mbunifu Jean-Jacques Winders alihusika na yote mawili. Katika jumba alishirikiana na Frans Van Dijk.

Kwa msomaji wa Kisangani au Bukavu, hata hivyo, jina la Antwerp halianzi na Rubens. Jumba lilifunguliwa miaka mitano tu baada ya mfalme Leopold II kutambuliwa kuwa mwenye Kongo, na bandari ileile iliyokombolewa ushuru ndiyo iliyopokea mpira na pembe za ndovu za huko. Ni hapo, katika gati za Antwerp, ambapo karani wa kampuni ya meli ya Uingereza, E. D. Morel, alilinganisha mizigo mwishoni mwa karne ya 19: meli zilifika zimejaa mali, zikaondoka na bunduki, risasi na maofisa. Akatambua kwamba hiyo haikuwa biashara, kwa sababu hakukuwa na malipo yanayokwenda Kongo, na akatumia miaka mingi kuutangazia ulimwengu jambo hilo. Vinyago na sanamu za Wakongo navyo vilipitia njia hiyo. Mwaka 2022, mwaka ambao Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki na ambao jumba la Antwerp lilifungua milango upya, mfalme Philippe wa Ubelgiji alikabidhi Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na ukomo. Picha za Antwerp zilirudi baada ya miaka 21, na hakuna aliyeita kurudi kwake mkopo.

Matengenezo yaliyokwisha mwaka huo yaliacha kumbi za zamani na kuta zao za rangi iliyokolea, na kujenga kumbi mpya nyeupe kabisa ndani ya nyua za katikati, zisizoonekana kutoka nje. Nafasi ya maonyesho iliongezeka kwa asilimia 40. Ukumbi wa Rubens uko juu, nuru ya mchana ikiingia kutoka darini, na wageni wengi huenda huko moja kwa moja.

Picha ya Van Eyck ya Mtakatifu Barbara inaweza kupitwa bila kuonekana. Ina kimo cha sentimita 31 tu, chini ya ukurasa wa gazeti hili, na karibu yote ni michoro ya mistari myembamba juu ya ubao, rangi ikiwa imeguswa kidogo tu juu, angani. Mtakatifu amekaa mbele na kitabu chake. Nyuma yake mnara unajengwa: watu wanabeba mawe, wengine wanachonga, wasimamizi wanatazama, na juu kabisa winchi ya kuinulia mizigo imesimama kwenye ukuta ambao haujafika mwisho. Wanazuoni bado wanabishana kama Van Eyck aliacha kazi katikati au aliitaka hivyo. Fremu yake imepakwa rangi ionekane kama marumaru, na juu yake, kama alama ya fundi kwenye bidhaa, imeandikwa kwamba Jan van Eyck ndiye aliyeitengeneza, mwaka 1437.